Wiki ya sita na tundu la kitovuni bado linatoa maji: ni uzi, ni maji ya kusuuzia vifaa, au kuna lingine?

#1 NesiWaNgamiani
Habari za jioni wakuu. Naleta kisa, naomba watu wa thieta, wa maabara na wa chumba cha vidonda mkipitie.

Mgonjwa ni mama wa miaka 41, mkazi wa hapa Tanga mjini. Hana kisukari, sukari ya asubuhi kabla ya kula ni 5.2. Alitolewa kifuko cha nyongo chenye mawe kwa upasuaji wa matundu madogo. Matundu ni manne: kitovuni milimita 10, chini ya chembe cha moyo milimita 10, na mawili ya milimita 5 ubavuni kulia. Kifuko kilitolewa kupitia kitovuni. Siku ya pili akaruhusiwa, siku ya nane nyuzi za ngozi zikatolewa, matundu yote makavu.

Wiki ya nne kitovu kikaanza kuvimba ndani kwa ndani, ukubwa wa punje ya kunde. Hakina joto, hana homa, maumivu kidogo. Kikapasuka chenyewe na kutoa maji ya manjano mepesi. Amemeza amoksilini yenye klavulaniki siku 7, kisha siprofloksasini siku 5. Kinakauka siku tatu nne, kinarudi. Usaha ulioteshwa maabara haukuota kitu kwa saa 48.

Mimi nasema ni uzi wa ndani unaokataliwa na mwili. Daktari ninayefanya naye kazi anasema ni maji yaliyosuuzia vifaa. Nani yuko karibu na ukweli?

#2 Raskazone77
Uzi juu ya uzi. Nimeshakaa, nasubiri wataalamu.

#3 DktMwambao
Nesi, umefanya vizuri kuandika siku. Kwenye matundu haya siku inasema mengi kuliko rangi ya usaha.

Kinachotokea siku tatu za mwanzo mara nyingi ni damu iliyovia au gesi ya kujazia tumbo iliyobaki chini ya ngozi, ile inayokwaruza kama chumvi ukibonyeza. Gesi hiyo huisha yenyewe ndani ya siku chache. Kuanzia siku ya nne hadi ya kumi ndio wakati wa bakteria wa kawaida wa ngozini, stafilokokasi akiwa mbele: wekundu, joto, maumivu, usaha mzito. Hao kwa kawaida wangeonekana karibu na siku nyuzi zilipotolewa.

Hapa kidonda kilifunga kikakaa kimya karibu wiki tatu, kisha kikafumuka bila joto. Hiyo ni tabia ya kitu cha polepole. Uzi umo, mikobakteria wa kwenye maji (ndugu wa kijidudu cha kifua kikuu) wamo, kifua kikuu kimo, na jiwe la nyongo lililoangukia njiani nalo limo. Tusikimbilie jina moja.

#4 FundiWaNyuzi
Nasimama na dada Nesi. Tundu la milimita 10 kitovuni lazima ule utando mgumu wa ukuta wa tumbo ufungwe, na wengi hutumia uzi unaoyeyuka, Vicryl namba 0, yenye sindano iliyopinda kama herufi J, kwa sababu shimo ni jembamba na mafuta ni mengi. Vicryl imesukwa kwa nyuzi ndogo nyingi, na ndani ya ule msuko ndimo vijidudu hukaa. Kufikia wiki ya tatu nguvu yake imebaki kama nusu, lakini mwili haumalizi kuiyeyusha kabla ya siku 56 hadi 70. Wiki ya sita fundo bado liko pale, hasa kama mshonaji alipiga mafundo sita na kuacha mikia mirefu. Mwili unaliona kama mwiba, unalisukuma nje.

Tiba: ganzi kidogo, koleo ndogo ya mdomo mwembamba, ingiza sentimita moja taratibu, zungusha, ukilikamata fundo livute na ukate. Baada ya hapo kidonda hufunga ndani ya siku chache bila dawa yoyote.

#5 BiKaole
Mwanangu Fundi, ngoja kwanza! Usiingize chuma kwenye kitovu cha mtu kabla hujajua nyuma yake kuna nini. Hilo ni moja ya matundu mawili makubwa, tena limevutwa likapanuka kupitisha kifuko chenye mawe. Ndipo ngiri za matundu zinapopenda kutokea.

Msimamishe mama, akohoe, weka vidole viwili. Kama kuna msukumo, au uvimbe unaorudi ndani akilala, weka koleo chini. Hata usiposikia kitu, piga ultrasaundi kwanza akiwa anakohoa. Kinachotoka si lazima kiwe utumbo. Mara nyingi ni kipande cha mafuta ya ndani ya tumbo kilichopenya, kikakosa damu, kikaoza polepole na kutoa maji ya manjano kama hayo.

Na kama ni utumbo, ngiri hizi ndogo zina ujanja wao. Inabana upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, njia haizibi yote. Mgonjwa anaendelea kujamba na hata kupata choo, watu wanaona yuko salama, kumbe ule upande unakufa. Inaitwa ngiri ya Richter. Akianza kutapika, tumbo likauma kwa mawimbi na tundu likawa gumu, aende hospitali usiku huohuo, asingoje kliniki.

#6 FundiWaNyuzi
Bi Kaole nimekupata, na nakubali mpangilio: akohoe, ultrasaundi, ndipo koleo. Lakini bado nasema ni uzi.

#7 ChumbaChaVifaa
Mimi nipo upande wa yule daktari, na nitaeleza kwa nini, maana sehemu hii watu hupita haraka.

Kifaa cha kushikia cha laparoskopi (upasuaji wa matundu madogo) kina sehemu tatu: mpini, ganda la nje, na fimbo ya ndani yenye taya. Kikioshwa bila kufunguliwa, damu na mafuta vinabaki kati ya fimbo na ganda. Hapo hakuna dawa inayofika. Utaratibu ni huu: funguliwe mara tu upasuaji unapoisha kabla damu haijakauka, vilowekwe kwenye sabuni ya vimeng'enya, vipigwe brashi ndani ya mrija, visukumiwe maji kwa bomba la sindano la mililita 50 hadi maji yatoke meupe, vikaushwe, ndipo viende kutakaswa. Visisahaulike vile vipira na vali za troka, ile mirija ya kupitishia vifaa tumboni. Huko damu hujificha kuliko mahali pengine.

Cha kuaminika ni mvuke: nyuzijoto 121 kwa dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa, au nyuzijoto 134 kwa dakika 4 kwenye mashine yenye kunyonya hewa. Umeme ukikatika katikati, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Tatizo, kamera na baadhi ya lenzi hazivumilii mvuke. Na ukiwa na seti moja na wagonjwa watatu asubuhi, kila mtu anakimbilia beseni la dawa ya kulowekea vifaa, glutaraldehaidi ya asilimia 2. Dakika 20, kisha vinasuuzwa kwa maji ya bomba kuondoa ile dawa inayowasha. Hapo ndipo tunapoharibu. Maji ya bomba, ya kisima, ya tangi la mvua, yote yanaweza kuwa na mikobakteria wanaokua haraka: fortuitum, chelonae, abscessus. Klorini ya kawaida ya kwenye maji ya kunywa haiwatishi, na wanajenga utando wa ute ndani ya mabomba na matangi. Umetakasa kifaa, kisha umekipaka vijidudu upya, kisha unakiingiza kwenye mafuta chini ya ngozi.

Ugonjwa wake hujitokeza wiki ya tatu hadi ya sita na zaidi. Usaha mwepesi, hakuna homa, antibaiotiki za kawaida hazifanyi kitu, na ukiotesha kwa saa 48 huoni kitu. Nesi, soma posti yako ya kwanza tena.

#8 MtiWaMkonge
Kumbe glutaraldehaidi dakika 20 haitoshi kutakasa? Sisi tulifundishwa inaua vyote.

#9 ChumbaChaVifaa
Dakika 20 inaua bakteria wengi na virusi. Mbegu ngumu za bakteria zinataka kuloweka saa 10 bila kuongeza kifaa kingine katikati. Kwa mikobakteria, fuata lebo ya chupa yako, nyingine inadai dakika 45 na joto maalumu. Ukishaichanganya na kiamshi, nyingi zinadumu siku 14 tu, na kila ukitumbukiza kifaa chenye maji unaizimua. Kwa hiyo tarehe kwenye kifuniko peke yake haitoshi. Tumia vile vikaratasi vya kupimia nguvu kila siku kabla ya kesi ya kwanza.

Na wapo mikobakteria waliozoea hata glutaraldehaidi yenyewe. Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 2006 hadi 2007, zaidi ya wagonjwa 1,000 katika hospitali 63 walihesabiwa kuwa huenda wameambukizwa, wengi baada ya upasuaji wa kamera. Vijidudu vilivyopatikana vilistahimili glutaraldehaidi ya asilimia 2.

#10 BintiPangani
Samahani wakuu, swali la pembeni. Mtu aliyefanyiwa juzi bega la kulia linamuuma kuliko hata vidonda. Ni la kuhofia?

#11 DktMwambao
Gesi ya kaboni dayoksaidi inayojazwa tumboni, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, inawasha kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Neva ya pale inatokea shingoni pamoja na ya bega, ndiyo maana ubongo unasikia bega. Huisha siku mbili tatu. Atembee, anywe parasetamoli. Lakini maumivu ya bega pamoja na homa, macho ya njano au tumbo gumu ni jambo lingine, arudi hospitali.

#12 MaabaraChumbageni
Nesi, "haukuota kitu kwa saa 48" hakuthibitishi wala kukanusha chochote hapa. Mikobakteria hawa wanaitwa wanaokua haraka kwa kulinganishwa na kifua kikuu tu. Kwenye sahani ya damu wanataka siku 3 hadi 7, wakati mwingine zaidi. Maabara nyingi zinatupa sahani siku ya pili. Andika kwenye fomu kwa kalamu nzito: "kidonda cha laparoskopi, wiki ya sita, tunashuku mikobakteria, tunza sahani siku 14." Na ziwe sahani mbili, moja kwenye nyuzijoto 30 na nyingine nyuzijoto 35 hadi 37, maana chelonae anapenda ubaridi kidogo.

Sampuli yenyewe. Kijiti cha pamba kilichopanguswa juu ya kidonda ni sampuli dhaifu kuliko zote. Vuta usaha kwa sindano, au bora zaidi kata kipande cha nyama ya ukuta wa kishimo. Kigawe mara mbili: nusu kwenye chupa safi yenye saline (maji tasa ya chumvi) kidogo kwa ajili ya kuotesha, nusu kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia nyama) kwa ajili ya darubini ya patholojia. Tafadhali sana, msitie vyote kwenye fomalini. Hilo ndilo kosa linalotuumiza zaidi, kikishaingia fomalini hakuna kitakachoota.

#13 DktMwambao
Na GeneXpert?

#14 MaabaraChumbageni
Ifanywe, lakini isomwe vizuri. GeneXpert inatafuta kundi la kifua kikuu tu. Ukiona vijidudu vyekundu kwenye rangi ya Ziehl-Neelsen (ile ya darubini inayoonyesha mikobakteria) halafu GeneXpert ikasema hakuna, usifute ile darubini. Huo mchanganyiko wenyewe ndio unaokuelekeza kwenye mikobakteria wa maji. GeneXpert ikisema kipo, basi ni kifua kikuu cha kidonda na njia ni nyingine kabisa. Nchi yetu ina kifua kikuu cha kutosha, hatuwezi kukiweka pembeni kwa sababu tumeshabikia maji.

#15 Raskazone77
Kwa hiyo akipewa dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha zitamaliza yote?

#16 DktMwambao
Hapana, na kosa hili linagharimu miezi. Wale wanaokua haraka hawasikii isoniazidi wala pirazinamidi, na rifampisini kwao haina maana. Wanachosikia zaidi ni klarithromaisini, amikasini, na kwa baadhi ya fortuitum siprofloksasini. Dawa moja peke yake huwafundisha ukaidi, kwa hiyo huwa ni mbili angalau, kwa miezi, mara nyingi minne hadi sita kwa vidonda vigumu, pamoja na kukata na kuondoa kishimo chote na vinundu vyake. Amikasini inataka kupima figo na masikio. Haya ni ya daktari anayemwona mgonjwa na majibu ya maabara mkononi. Asitokee mtu hapa akaenda duka la dawa kununua klarithromaisini.

Ila angalia: mama alipata siprofloksasini siku 5, kikakauka kidogo, kikarudi. Kwa fortuitum hilo linaelezeka. Kwa uzi pia linaelezeka, maana unapunguza vijidudu vilivyo kwenye fundo lakini fundo liko palepale. Ndiyo maana naona ugumu kukata shauri.

#17 FundiWaNyuzi
Swali kwa ChumbaChaVifaa. Kama ni vifaa, kwa nini kitovu peke yake? Matundu yote manne yameguswa na vifaa vilevile. Ugonjwa wa maji ungepaswa kuonekana hata chini ya chembe cha moyo.

#18 ChumbaChaVifaa
Swali zuri. Mara nyingi hugusa zaidi ya tundu moja, lakini si lazima. Kitovuni ndiko kamera hupita, na kamera ndiyo isiyoingia kwenye mvuke. Ndiko kifuko kilikopita kikisugua ukuta. Na ndiko kuna uzi mzito, ambao kijidudu anaushikilia kama chaza kwenye nguzo ya gati. Hoja yako na yangu zinaweza kuwa kitu kimoja: uzi umebeba kijidudu kilichotoka kwenye maji.

Nesi, bonyeza pole pole chini ya ngozi ya yale matundu matatu mengine, kuna kinundu?

#19 NesiWaNgamiani
Nimepitia posti zote, asanteni. Leo nimemwona. Chini ya chembe cha moyo kuna ugumu kidogo chini ya kovu, kama uzi wa kamba, hauumi. Siwezi kusema ni kinundu au ni kovu tu linalopona. Ya ubavuni ni laini. Akikohoa amesimama sisikii msukumo. Ultrasaundi ni keshokutwa.

#20 BiKaole
Mwambie mpiga ultrasaundi atumie kile kichwa bapa cha kuangalia mishipa na nyama za juu. Kile cha mimba hakioni vizuri sentimita mbili za kwanza. Na mwombe aangalie jiwe pia. Kifuko kikipasuka wakati wa kuvutwa bila mfuko, vijiwe vinamwagika njiani, na vile vyeusi au vya kahawia vyenye rangi ya nyongo huleta jipu kuliko vile vya njano vya mafuta. Wenye selimundu ndio hasa wenye vijiwe vyeusi. Swali langu: kifuko kilitolewa ndani ya mfuko? Kidole cha glavu safi isiyo na unga kilichofungwa kwa uzi kingetosha.

#21 NesiWaNgamiani
Faili linasema "kifuko kimetolewa kitovuni". Mfuko haukutajwa. Aina ya uzi imeandikwa Vicryl, namba haikuandikwa.

#22 ShangaziMsambweni
Mmesema vifaa, mmesema uzi, hamjasema nongo. Kitovu kirefu cha mtu mzima kinaweza kuwa na nongo ya miaka, iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe dogo. Ukipaka dawa juu ya kitovu bila kukisafisha ndani, umepaka rangi ukuta wenye ukungu. Jioni ya kabla ya upasuaji mgonjwa aoge kwa sabuni, kitovu kilainishwe kwa mafuta ya nazi au ya mzeituni, kitolewe nongo kwa kijiti cha pamba, kisha asubuhi mafuta yaoshwe yote kwa sabuni. Mezani kisafishwe kwa klorheksidini yenye spiriti, kijiti kigeuzwe hadi kitoke cheupe, na spiriti ikauke kabisa kabla ya mashine ya kuchomea kuwashwa, isije ikashika moto.

Na nywele za tumbo msinyoe kwa wembe. Wembe unaacha mikwaruzo ambamo vijidudu hulala. Zikisumbua, zipunguzwe kwa mashine ya kunyolea isiyogusa ngozi.

#23 MtiWaMkonge
Shangazi shikamoo. Antibaiotiki ya kinga nayo?

#24 ShangaziMsambweni
Marahaba. Sefazolini gramu 2 mshipani, ndani ya saa moja kabla ya kukata, inatosha kwa wengi. Wengine hutumia seftriaksoni kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini. Kuendelea kumchoma siku tano baada ya upasuaji hakuongezi ulinzi wa kidonda, kunaongeza usugu. Na hiyo kinga haiwagusi hao mikobakteria wa kwenye maji, kwa hiyo isitumike kama sababu ya kulegeza usafi wa vifaa.

#25 MvuviKigombe
Mimi si wa hospitali ila nina swali la mtaani. Huku kwetu mtu mwenye kidonda anaambiwa akajitose baharini, chumvi ikaushe. Si sawa na hiyo saline yenu?

#26 ShangaziMsambweni
Si sawa, kaka. Saline ina gramu 9 za chumvi kwa lita, maji ya bahari yana kama 35. Yanaunguza nyama mpya. Tena bahari yetu yenye joto ina bakteria wa vibrio, na ina mikobakteria wake, marinamu, anayewapata wavuvi na wasafisha samaki mikononi. Kidonda kilichofunga kikavu bila kutoa kitu, baada ya wiki mbili tatu, mtu anaweza kuogelea. Kinachotoa maji, hata tone, kisiguse bahari wala dimbwi.

Ya nyumbani: maji lita moja yachemke dakika kadhaa, chumvi vijiko viwili vya chai vilivyokatwa usawa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yatumike siku hiyohiyo, yanayobaki yamwagwe. Na ile tabia ya kufungua kidonge na kunyunyiza unga wa antibaiotiki kwenye kidonda iachwe. Unga unaganda, unafunga usaha ndani.

#27 BintiPangani
Na mkaja je? Bibi zetu wanataka tumbo lifungwe, hata kama si la uzazi.

#28 BiKaole
Mkaja hauzuii ngiri ya tundu, maana kinachoshika pale ni uzi wa ndani na kovu. Ukimpa mtu raha wakati wa kukohoa, afunge kwa kulegeza mchana na afungue akilala. Ukikazwa kwenye joto la Machi hapa pwani, kitovu kinakaa kwenye jasho kutwa nzima, ngozi inalainika, fangasi wanaingia. Kinacholinda zaidi ni kutobeba. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Kwa wiki mbili hadi nne asizidishe kama kilo 5, na akikohoa akandamize mto mdogo juu ya kitovu.

#29 Raskazone77
Lakini tundu la milimita 5 halina shida ya ngiri, si ndiyo?

#30 BiKaole
Ni nadra, si kwamba haitokei. Kwa mtoto hufungwa hata milimita 5. Kwa mtu mzima, kama lile tundu lilizungushwa na kuvutwa kwa saa nzima, kipimo cha troka hakikuambii tena ukubwa wa shimo. Tia kidole kwenye tundu, kikiingia, lifunge.

#31 MwalimuWaUguuni
Kidogo tu, kwa vijana wanaosoma uzi huu: sindano ya kuingizia gesi ile ya Veress ilitengenezwa na Mhungari János Veress, ikatangazwa 1938, kwa ajili ya kuingiza hewa kifuani kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ndiyo maana ina ncha butu inayoruka mbele ikishapenya, isichome pafu. Upasuaji wa kwanza wa kutoa kifuko cha nyongo kwa njia hii ulifanywa na Mfaransa Mouret, Lyon, 1987.

#32 DktMwambao
Mwalimu, asante kwa ya Veress. Hapo pa pili narekebisha: Mjerumani Erich Mühe alitangulia, tarehe 12 Septemba 1985, huko Böblingen. Wenzake hawakumsikiliza, ndiyo maana jina la Mouret lilisambaa zaidi.

#33 MwalimuWaUguuni
Nimekubali, daktari.

#34 DadaWaLushoto
Naongeza moja ambalo halijatajwa. Mama ni wa miaka 41, bado anapata hedhi? Muulize kama kitovu huvimba au kutoa maji yenye damu siku zilezile za mwezi. Tishu ya ndani ya kizazi inaweza kuota kwenye kovu la tundu, na hata kwenye kitovu kisichoguswa. Andika tarehe za kutoa maji kwenye kalenda kwa miezi miwili, zilinganishe.

Na kwa wenye makovu yanayopanda, lile la chini ya chembe cha moyo linaweza kuwa kubwa. Ugumu anaousikia Nesi unaweza kuwa mwanzo wa kovu la aina hiyo tu. Triamsinoloni, dawa ya kundi la steroidi, ya miligramu 10 hadi 40 kwa mililita huchomwa ndani ya kovu kila wiki nne hadi sita, lakini isiguswe kabisa hadi ijulikane hakuna maambukizi chini yake, kwa sababu inalaza kinga ya mahali pale.

#35 NesiWaNgamiani
Majibu yaliyofika. Ultrasaundi: ukuta wa tumbo umefunga, hakuna utumbo wala mafuta yanayopita hata akikohoa. Kuna kishimo cha milimita 14 chenye maji, na ndani yake kitu cheupe cha milimita 3 ambacho hakitoi kivuli kamili. Mpiga picha ameandika "uzi au kijiwe". Ziehl-Neelsen: kijidudu kimoja chenye shaka katika darubini nzima, wameomba sampuli ya pili. GeneXpert: hakuna kifua kikuu. Hedhi anapata, tarehe hazikumbuki.

#36 FundiWaNyuzi
Milimita 3, kivuli hafifu: fundo.

#37 BiKaole
Kijiwe laini cha rangi ya nyongo nacho hutoa kivuli hafifu, mwanangu.

#38 ChumbaChaVifaa
Na kile kijidudu kimoja chekundu tumwachie nani? Nesi, kama inawezekana, chukua pia maji ya kusuuzia kutoka kwenye beseni, mililita 200 kwenye chupa tasa, na kipande cha kipira cha troka. Wapewe maabara pamoja na nyama. Na ulizeni kama wagonjwa wengine wa wiki ileile wana vidonda vya namna hii.

#39 MaabaraChumbageni
Nitapokea vyote. Leta Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi, nyama kwenye saline, isikae kwenye barafu. Chupa ya kuotesha ipake alama nyekundu ili mtu wa zamu asiimwagie fomalini. Kile kitu cheupe kikitoka, kiwekwe kwenye chupa yake peke yake, kikavu, tukiangalie kwanza kwa lenzi kabla ya mtu yeyote kukikata.

#40 NesiWaNgamiani
Sawa. Kukata ni Jumatatu saa mbili. Safari hii nitaandika namba ya uzi, na kama mfuko ulitumika.